Ulaayu na Kome wa Barafu Nyembamba

Watu wa nchi nyingine hupita juu ya bahari kwa vyombo, na wakifika salama husherehekea kama wamefanya jambo. Sisi wa Kangiqsujuaq, kijiji cha kaskazini ya mbali kwenye barafu, tunapita chini ya bahari, kwa miguu, na tunarudi nyumbani na mchuzi. Si kujisifu, jambo likiwa la kweli utalificha wapi? Na katika wote wanaoshuka huko chini, anayejulikana kwa kutangulia kuingia na kuwa wa mwisho kutoka ni Ulaayu, mama wa watoto watano, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, mwanamke mwenye magoti mawili mabovu na mdomo mmoja mzima kabisa.

Kazi yenyewe iko hivi. Msimu wa baridi bahari yetu huganda juu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji hupwa yakaenda zake mbali, na ile barafu iliyokuwa ikielea inabaki haina pa kuegemea ila mawe. Inakaa juu ya mawe kama paa juu ya nguzo. Unalitoboa paa kwa mtaimbo, unashuka, unakuta sakafu ya bahari iko wazi, imelowa, imejaa mwani na kome. Una nusu saa, dakika arobaini ukiwa mtu wa bahati. Baada ya hapo mwenye nyumba anarudi, na mwenye nyumba ni maji.

Sasa mtu atauliza, huko chini gizani utajuaje kwamba maji yamegeuka? Wazee walitufundisha kwamba barafu itasema. Maji yakianza kurudi hunyanyua ukingo wa barafu, nayo barafu nene hutoa mguno mzito kama mzee anayejiinua kitini. Ukiusikia, unabeba ndoo unatoka, huna haraka, hata wimbo unaweza kumalizia. Ulaayu ameusikiliza mguno huo tangu ana miaka saba. Saa hana. Wanawe walimnunulia moja, akaifunga kwenye mkono wa birika.

Huyo Ulaayu alizaliwa katika hema, mwezi wa Mei, kwenye kambi ya kuwinda sili. Aliyempokea alikuwa Aani, mwanamke wa miaka ishirini na minne wakati huo. Aani ndiye aliyemkata kitovu, akamvisha nguo ya kwanza ya ngozi ya sungura, akamsemea maneno sikioni. Mtu anayemfanyia mtoto hivyo tunamwita sanajik, maana yake aliyekutengeneza. Tuseme mama kitovu. Yale maneno anayoyasema ndiyo yanayomfinyanga mtoto. Aani alisema, "Huyu atakuwa na mikono isiyoogopa baridi." Halafu, kwa kuwa alikuwa msichana na hakujua pa kukomea, akaongeza, "Na asikose la kusema." Wenye kumjua Ulaayu wanakubaliana kwamba hapo Aani alipitiliza kipimo.

Akiwa na miaka mitano Ulaayu alipatikana na ugonjwa wa mapafu. Meli ya madaktari ilikuja kiangazi, ikampiga picha ya kifua, ikaondoka naye siku hiyohiyo. Alikaa hospitali ya kusini miaka miwili. Aliporudi alikuwa mzima, amenenepa, ana viatu vya kung'aa, na hajui hata neno moja la kwao. Akiomba maji, anaomba kwa lugha ya manesi. Watoto wenzake wakamcheka mpaka akaacha kabisa kufungua kinywa. Fikiria hilo: Ulaayu, kimya! Miezi minne hakusema kitu.

Mama yake alilia. Aani hakulia. Bamvua ya kwanza ya baridi ile alimshika mtoto mkono, akamshusha kwenye tundu la barafu, mahali ambapo hapakuwa na mtoto mwingine wa kumcheka. Akamwekea jiwe mkononi, akasema jina lake. Akamwekea mwani, akasema jina lake. Akabandua kome, akamfunga viganja juu yake, akasema, "Uviluq." Mtoto akasema, "Uviluq." Wakaenda hivyo, bamvua baada ya bamvua, na kabla barafu haijayeyuka Ulaayu alikuwa amerudishiwa lugha yake yote pamoja na matusi machache, ambayo Aani anakana kuwa yalitoka kwake. Tangu hapo mama huyu akishuka chini ya barafu hanyamazi. Anataja kila anachokigusa. Aliye juu tunduni anamsikia akiongea, anajua yu hai.

Basi mnaelewa kwa nini, baridi hii, watu walimwona Ulaayu akitembea njiani huku anaangalia miguu yake, bila kumtania mtu.

Aani ana miaka themanini na minane sasa. Mwezi wa Januari alirudishwa kutoka kusini alikopasuliwa tumbo. Upasuaji ulikwenda vizuri, kidonda kilifunga, lakini bibi huyo hakutaka kula. Alilala katika nyumba ya wazee akiigeuzia sahani mgongo, uso ukutani. Odette, nesi kijana kutoka kusini, mpole, mwenye mashavu mekundu, alijaribu uji, supu ya kopo, biskuti. Akaandika kwenye kadi yake kila siku neno lilelile: hakula. Jumatatu akamwita Ulaayu pembeni.

"Mama Ulaayu, asipokula mpaka Ijumaa, daktari anasema arudishwe hospitali. Ndege iko Ijumaa mchana."

Aani alisikia. Masikio yake ndiyo kitu pekee kisichozeeka.

"Nikipanda ile ndege tena," akasema bila kugeuka, "nitashuka nikiwa mzigo. Waambie waniandikie anwani kabisa."

"Sanajik, usiseme hivyo. Nimekuletea mchuzi wa nyama ya kulungu wa kaskazini."

"Sitaki."

"Samaki mbichi aliyeganda, ile minofu ya tumboni unayoipenda."

"Mpe Odette, amekonda."

"Basi unataka nini? Sema tu!"

Aani akafikiri kidogo. "Kome."

Ulaayu alikimbia nyumbani kwa magoti yale yale mabovu. Alikuwa na mfuko wa kome wa mwezi wa Agosti ndani ya friza. Akawachemsha, akawapeleka bado wanafuka. Aani akatia mmoja mdomoni, akatafuna mara mbili, akamtoa na kumweka pembeni mwa sahani kama mtu anayerudisha chenji mbovu.

"Hawa wamelala na barafu ya mashine," akasema. "Nataka waliolala na barafu ya Mungu."

Sasa hilo ndilo lilikuwa tatizo, na si dogo. Barafu ya Mungu siku hizi ina mambo yake. Zamani ilikuwa inafunga ghuba kabla ya Krismasi, tukienda kanisani tunakatiza juu yake. Mwaka huu imefunga katikati ya Januari, kisha theluji ikaanguka juu yake mapema kama blanketi, na barafu iliyofunikwa blanketi haikui. Wasomi wanasema bahari imeongeza joto digrii kadhaa. Sisi digrii hatuna, wala za joto wala za chuo, lakini tuna miguu, na miguu inajua inapokanyaga. Baridi mbili zilizopita hakuna aliyeshuka chini. Mara ya mwisho paa liliporomoka, na ilikuwa bahati tu kwamba kilichobaki ndani ni ndoo.

Kuna kijana wa kijiji, Pitaa, mtoto wa kaka yake Ulaayu. Kijana ni neno la heshima, ana miaka arobaini na kitambi. Kazi yake ni kupita na keekee ya mashine akitoboa barafu, anapima unene, anapandisha vibendera vyekundu pasipofaa, na kuandika namba kwenye ubao wa duka la ushirika. Ulaayu alimkuta hapo ubaoni Jumanne asubuhi.

"Pitaa, kesho bamvua. Unanipeleka."

"Shangazi, siwezi. Jana nimepima. Inafika hapa." Akagusa chini ya goti.

"Goti lako au langu?"

"Goti la mtu yeyote, Shangazi."

"Enzi zetu ilikuwa inafika kifuani."

"Enzi zenu hata wewe ulikuwa unamfika mumeo kifuani. Sasa unamfika kiunoni. Kila kitu kinapungua."

Watu wa dukani wakacheka. Siku nyingine Ulaayu angemjibu jibu la kumfanya ahame kijiji. Safari hii alimshika mkono wa koti tu.

"Aani hataki kula. Ijumaa wanampeleka."

Pitaa akaacha kuandika. Naye mama yake alipokelewa na mikono hiyohiyo ya Aani, kama nusu ya kijiji. Akaangalia ubao wake, namba zake zote alizoandika kwa chaki nzuri ya bluu, akakuna shingo.

"Mimi nakaa tunduni na saa," akasema. "Nikisema toka, unatoka."

"Nitatoka barafu ikisema."

"Shangazi!"

"Haya, haya. Lete na mkate."

Jumatano walitoka kwa pikipiki ya theluji, Ulaayu nyuma amekumbatia kitambi kama mto wa kulalia. Alimwelekeza moja kwa moja mpaka kwenye mawe makubwa ya ncha ya kaskazini, pale mama yake alipokuwa akishuka, na bibi yake kabla yake. Ukumbi wa pale uliitwa kanisa, kwa urefu wa paa lake. Walipita vibendera vyekundu viwili. Ulaayu alivipungia mkono kama jamaa.

Pitaa akatoboa. Wakapanua tundu kwa mtaimbo, wakainama kuchungulia, wakaona barafu imelala chapachapa juu ya changarawe. Ukumbi haukuwepo. Mawe pale yako mbalimbali, barafu nene ilikuwa inaweza kuyavuka kwa hatua moja. Hii nyembamba ilijikunja katikati, ikapasuka, ikalala chini kama shuka juu ya kitanda. Hata paka hangepita.

"Kanisa limefungwa," Pitaa akasema.

"Nyamaza. Twende kule mdomoni mwa ghuba."

Mdomoni mwa ghuba hakukuganda kabisa. Maji yalikuwa wazi, yanafuka moshi wa baridi, na juu yake bata bahari kama mia tatu. Bata hawa zamani walikuwa na adabu, barafu ikija wanaondoka. Sasa wanakaa baridi nzima, wanazamia, wanameza kome wazimawazima na ganda lake. Mmoja aliibuka mbele ya Ulaayu, kome mdomoni, akamwangalia.

"Huyo hata hachemshi," Ulaayu akasema kwa uchungu.

Ilikuwa imebaki saa moja maji yafike chini kabisa. Ulaayu alikaa kwenye kiti cha pikipiki, akakunja mikono. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alionekana mzee. Sehemu zote alizozijua alikuwa amezitaja moyoni, moja moja, na kila moja alikuwa ameikumbuka kwa unene wa barafu yake.

Pitaa akakohoa. "Kuna sehemu moja. Chini ya ule mwamba mweusi, kwenye kivuli. Jua halifiki, theluji inapeperushwa, kwa hiyo barafu yake ni nene kidogo. Na mawe ya pale ni madogo, yako karibukaribu. Hata barafu nyembamba inaweza kubebeka."

"Pale?" Ulaayu akageuka. "Pitaa, pale ndipo tulipokuwa tunakwenda kujisaidia!"

"Basi pamewekewa mbolea."

Alicheka. Hakutaka kucheka, lakini alicheka, wakaenda.

Tundu la pale lilitoa harufu ya chumvi na mwani, harufu ya uhai, na Ulaayu alifumba macho akaivuta. Chini paa lilikuwa la kutambaa tu, kimo cha meza. Alishusha ndoo, akashusha miguu, akashusha malalamiko kuhusu magoti, akapotea.

"Jiwe," Pitaa akamsikia. "Jiwe. Mwani. Jiwe, lina pua kama ya Pitaa. Mwani."

Kitu kimoja kilimshangaza Ulaayu, na hakukipenda. Aliona. Maisha yake yote alishuka na taa, zamani ya mafuta ya sili, sasa ya kichwani. Leo aliizima akaona vilevile. Mwanga wa kijani ulipenya paa, laini, mzuri kupita kiasi, ukaeleza bila maneno paa lenyewe lina unene gani.

Kome walikuwepo. Wengi walikuwa maganda matupu, wamefunguka vinywa, wamekufa tangu joto kali lililopita Agosti, wakalia chini ya viganja vyake kama vigae. Pembeni, kwenye nyufa, walibaki hai, wadogo, urefu wa kidole gumba. Alimbandua mmoja, ganda likavunjika kwa kubonyezwa tu. Watafiti waliokuja kiangazi walimweleza Pitaa kwamba maji yanakuwa makali, yanalainisha maganda. Ulaayu aliwacheka wakati ule. Sasa hakucheka. Alipunguza nguvu, akaanza kuwabandua kwa ncha za vidole kama anayetoa mayai chini ya kuku. Aliyefumba alipoguswa, alimchukua. Aliyebaki wazi, alimwacha. Kila mmoja alimtaja jina, uviluq, uviluq, na ndoo ikaanza kupata sakafu.

"Dakika ishirini, Shangazi!"

"Nasikia!"

"Ishirini na tano!"

"Barafu haijasema!"

"Shangazi, tulikubaliana!"

"Bado kuna ufa mmoja wamejaa. Barafu haijasema, Pitaa, kaa kimya niisikie!"

Mwacheni asilaumiwe. Mguno ule ndio ulikuwa saa yake kwa miaka hamsini na saba, haukuwahi kuchelewa, ulimtoa salama na mimba tano tumboni. Ukiambiwa mama yako mzazi amekudanganya, utaamini? Aliendelea kubandua. Aliona mwani uliokuwa umelala ubavu mbele yake ukiinuka taratibu, wima, ukaanza kucheza. Aliutazama sekunde nzima akiona ni kitu kizuri. Kisha maji yakamshika viwiko.

Hapakuwa na mguno. Hapakuwa hata na kishindo kidogo. Barafu ile nyembamba ilinyanyuka kimyakimya kama mfuniko wa sufuria, na bahari ikaingia.

Ulaayu alinyamaza.

Juu, Pitaa alisikia kimya hicho. Alilala kifudifudi, akaingiza kichwa na mabega tunduni, akaona ndoo inakuja, inasukumwa, na nyuma yake shangazi yake anatambaa majini, mdomo umefumba. Buti moja lilinasa kati ya mawe. Alilivuta mara moja, mara ya pili akachomoa mguu na kuliachia bahari.

"Shika ndoo!" akapiga kelele.

"Sishiki ndoo, nakushika wewe!"

"Pitaa, shika ndoo kwanza, mpumbavu!"

Akashika vyote viwili, ndoo kwa mkono mmoja, kofia ya koti la shangazi kwa mwingine, akavuta kama anavuta sili mwenye ubishi. Wakaangukiana juu ya theluji. Nyuma yao maji yalifika mdomoni mwa tundu, yakatulia hapo, yakatoa povu kidogo.

Bila kuulizwa Pitaa alifungua zipu, akapandisha sweta, akauchukua ule mguu mtupu wa shangazi yake na kuubandika kwenye tumbo lake. Akatoa sauti ambayo mtu mzima asingependa isimuliwe.

"Ndiyo maana Mungu alikupa kitambi," Ulaayu akasema, meno yakigongana. Kisha, baada ya muda, kwa sauti nyingine: "Haikusema."

"Ni nyembamba, Shangazi. Haina kifua cha kusemea."

"Nimeisikiliza maisha yangu yote."

"Najua."

"Ulisema dakika ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Ulisema kweli." Akaubonyeza mguu tumboni mwake, kwa upendo, na kwa baridi. "Asante, mwanangu. Kama si wewe ningekuwa chakula cha haohao kome. Wangeninenepea."

Ndoo haikufika hata nusu. Ulaayu aliifunika kwa koti lake, akaipakata njia nzima.

Alifika nyumba ya wazee amevaa buti moja lake na moja la Pitaa. Hakwenda hata kubadili nguo. Jikoni kwa Odette alitia kome katika sufuria na maji kidogo, akasimama juu yao, na walipofumbua vinywa tu akawatoa. Akapeleka bakuli na mchuzi wake. Aani aligeuka kutoka ukutani kabla bakuli halijafika. Pua nayo haikuzeeka.

Alikula mmoja. Alikula wa pili. Alikula wa tatu, akanywa mchuzi kwa ganda, akafumba macho, na machozi mawili yakamtoka bila kelele.

"Wadogo," akasema.

"Ndio waliopo, Sanajik."

"Watamu. Umewatoa wapi? Kanisani?"

"Kanisa limelala chini. Nimewatoa chini ya mwamba mweusi."

"Pa kujisaidia?" Aani akacheka mpaka akashika kidonda chake. "Aa, usinichekeshe, nitafumuka! Na barafu ilisemaje?"

Ulaayu alikuwa amepanga kudanganya. Akakuta hawezi. "Haikusema kitu. Maji yalinikuta ndani. Pitaa ndiye alinivuta."

Aani alishika ganda tupu, akapapasa wembamba wake kwa kidole gumba.

"Barafu isiyosema," akasema mwishowe. "Mimi hiyo siijui."

"Hata mimi siijui. Nilidhani naijua."

"Basi umeingia mahali ambapo hakuna aliyekufundisha, ukatoka na chakula, ukaniletea mimi." Akajiinua kwa viwiko. "Hawa ni windo la kwanza. Lala chini."

"Nini?"

"Lala chini, kisichana changu. Sakafuni."

Kwetu mtoto akileta windo lake la kwanza kwa mama kitovu wake, halipokelewi kwa asante tu. Mama kitovu anamkamata mkono, anamng'ata, anamburuta sakafuni, wanagaragara, watu wote wanashangilia, ili mkono ule ujue njia na urudi tena na tena. Hufanyiwa mtoto wa miaka sita, saba. Ulaayu ana miaka sitini na minne.

"Sanajik, magoti yangu..."

"Nimekuomba magoti? Nimeomba mkono."

Ulaayu akalala. Akajinyoosha juu ya sakafu ya plastiki iliyosuguliwa na dawa, katika nguo zilizolowa bahari. Aani akainama kutoka kitandani, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole kumi vyembamba, akavuta. Hakumsogeza hata upana wa ukucha, kwa hiyo Ulaayu alijisukuma mwenyewe kwa visigino ili aburutike vizuri. Kisha Aani akaupeleka mkono ule kinywani na kuung'ata kwa fizi, kwa nguvu zake zote, huku akinguruma. Wazee wa vitanda vingine wakapiga makofi. Mmoja, kiziwi, aliuliza nani kaua nini; akaambiwa kome; akashangilia zaidi. Pitaa alisimama mlangoni na soksi moja, analia waziwazi na kusingizia baridi.

Hapo Odette akaingia, akakuta wagonjwa wanapiga kelele, bibi mmoja sakafuni, mwingine anamtafuna.

"Kuna nini hapa?"

"Chakula cha mchana," Pitaa akasema.

Odette alitazama bakuli. Akahesabu maganda matupu kwa macho, akamtazama Aani, midomo inang'aa kwa mchuzi, akaitoa kadi mfukoni. Aliandika kitu kirefu kuliko siku zote. Aani akamwita kwa kidole, akamwekea kome mmoja kiganjani na kumfunga vidole juu yake.

Alhamisi Aani alikula asubuhi na jioni, samaki na mkate pia, akidai ni wa kusindikizia kome. Ulaayu alishinda kwenye ubao wa duka la ushirika. Alimsumbua Pitaa amweleze kila namba, kila kibendera, ile sehemu ni kiasi gani na ile je, akarudia kila jibu kwa sauti mara tatu kama mwanafunzi wa kwanza, mpaka wateja wakaomba afukuzwe. Alimwambia Pitaa asante mara nyingi kiasi kwamba Pitaa alimwomba amtukane kidogo, apumzike.

Ijumaa mchana ndege ilikuja, ikashusha barua na vitunguu, ikapakia watu wanaokwenda kusini. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Walimsogeza Aani dirishani kwa kiti cha magurudumu, Ulaayu nyuma yake ameshika vishikio. Ndege ilikimbia, ikainuka juu ya ghuba, juu ya barafu nyembamba na maji yanayofuka, juu ya bata. Aani aliipungia kwa mkono uliokuwa na kome, akatafuna, akameza.

"Waende salama," akasema. "Ongeza mchuzi."